Watu wa Bwana: Kutoka Mazinde hadi Same

Wafalme wa Skandinavia ya kale walikuwa na wapiganaji wa nyumbani, walioitwa hird. Walilala kwa mfalme, wakala kwake, wakapokea silaha mkononi mwake. Watu wa namna yao walikuwapo hata Uingereza: mwaka 1066 kule Hastings, wengi wa walinzi wa mfalme Harold walipigana mpaka mwisho.

Milima ya Upare haikutegemea sana watu wa namna hiyo. Ugweno, kaskazini mwa Upare, chini ya ukoo wa Wasuya, mangi, yaani mtawala, alitawala kwa mabaraza na kwa mafunzo ya vijana msituni, utaratibu ambao wazee wanampa sifa mangi Mranga. Kijana aliyetoka huko alikuwa mtu wa nchi kwanza.

Walinzi wa kulishwa na bwana mmoja walikuja na bunduki, tena walikaa bondeni. Kimweri ye Nyumbai, mtawala mkuu wa Usambara, alifariki mwaka 1862. Mwanawe Semboja hakujali kukaa Vuga, makao ya jadi ya Wakilindi, ukoo wake wa kitawala. Alijikita Mazinde, misafara ilikopita kutoka Pangani kwenda Upare na Kilimanjaro, na Vuga akamsimika mwanawe Kimweri Maguvu. Alikuwa ameona mbali: heshima ilikuwa mlimani, baruti ilikuwa njiani. Pembe na watumwa vilinunua bunduki, na bunduki zikavuta wapiganaji wa makabila mbalimbali wasiofungwa na wazee wa Usambara. Walimjua Semboja tu. Gharama ya wapiganaji hao ililipwa na wanavijiji waliotekwa, Wapare wakiwamo.

Unyamwezi, mtawala Mirambo alifanya hivyo kwa ukubwa zaidi na rugaruga, wapiganaji wake wa bunduki. Alipofariki mwaka 1884 dola yake haikudumu. Wajerumani, walipoitawala nchi, nao waliwatumia rugaruga katika vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Kule Usambara, Semboja alifariki mwaka 1895, na mwaka huohuo Wajerumani wakamnyonga mwanawe Mputa.

Enzi ya Waingereza mangi wa Upare alibaki na matarishi, watu wa mshahara. Tarishi alileta barua ya wito. Hakuwa mtu wa kufa kwa ajili ya mangi, na sioni kwa nini angekufa. Januari 1945 maelfu ya Wapare waliteremka Same, makao ya wilaya, kukataa mbiru, kodi iliyokadiria mali ya kila mtu. Hawakuja kupigana. Walikaa tu, na hakuna tarishi aliyeweza kuwarudisha milimani. Mbiru ilifutwa mwaka 1947.