Nani Athibitishe? Askari Mkongwe, Pensheni na Mzigo wa Ushahidi Nairobi

Askari mkongwe anayedai pensheni hukutana na swali moja kabla ya mengine yote: ushahidi uko wapi? Anatakiwa atoe namba yake ya jeshi, cheti cha kuachishwa kazi, kitambulisho, na mara nyingi barua ya chifu. Hoja ya makala hii ni kwamba swali hilo linaelekezwa kwa mtu asiyehusika kulijibu. Serikali ndiyo iliyomwandikisha askari, ikampa namba, ikachukua alama ya kidole gumba chake na kumlipa mwezi baada ya mwezi. Daftari lilibaki mikononi mwa serikali. Kumtaka mzee wa miaka themanini alete karatasi ambazo mwajiri ndiye aliyepaswa kuzitunza ni kumgeuza mdai kuwa mwombaji. Wala jambo hili halikuanza jana. Lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imeandikwa katika ardhi ya Nairobi yenyewe.

Tuanze Kibera, kwa sababu huko pensheni ililipwa kwa ardhi ambayo haikutolewa. Wanubi, askari wenye asili ya Sudan walioingia Afrika Mashariki kupitia Uganda, walikuwa sehemu ya uti wa mgongo wa King's African Rifles, jeshi lililoundwa 1902 ambalo wenyeji walilizoea kwa jina la Keya. Hawakuwa na pensheni. Badala yake, kuanzia takriban 1904, waliomaliza utumishi waliruhusiwa kujenga na kulima katika uwanja wa mazoezi wa jeshi, kusini-magharibi mwa mji uliokuwa bado mchanga. Mwaka 1918 eneo hilo, ekari 4,197 hivi, lilitangazwa rasmi kuwa la jeshi. Askari mstaafu alishika kibali tu. Hati ya kumiliki ardhi hakupewa.

Kwa serikali ya kikoloni mpango huu ulikuwa rahisi: haukugharimu hazina hata senti, na wazee waliozoea bunduki walibaki karibu na kambi, tayari kuitwa. Kwa askari, kibali kile kilikuwa malipo ya miaka yake ya ujana. Pande mbili zilishika karatasi moja, kila upande ukaisoma kwa namna yake. Tofauti hiyo ilijitokeza wazi jeshi lilipokabidhi usimamizi wa Kibera kwa utawala wa kiraia mwaka 1928. Mji ulikuwa umeanza kukua kuelekea magharibi, na ardhi iliyotolewa kama pori sasa ilikuwa na thamani. Tume ya Ardhi ya Carter, ya 1932–1933, iliwaona Wanubi kuwa wapangaji wanaokaa kwa ridhaa ya Taji, lakini ikakiri kwamba serikali isingewahamisha bila kuwatafutia mahali pengine na kuwafidia. Tume ilitambua deni, ikakataa kuliita deni.

Baada ya uhuru ardhi ile ikahesabiwa kuwa ya serikali. Ikamegwa vipande vipande kwa mitaa ya nyumba na matumizi mengine, huku wajukuu wa askari wakiishi juu ya haki isiyoandikwa. Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba Kenya imevunja haki za Wanubi, haki ya mali ikiwemo. Tarehe 2 Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi hati ya ekari 288. Hizo ni chini ya asilimia saba ya zile ekari za mwanzo, na zilikuja karibu miaka mia moja baada ya eneo kutangazwa. Hakuna hata mmoja wa askari waliopewa vibali vile vya kwanza aliyekuwa hai kuipokea.

Nimekaa Kibera kwa kirefu kwa sababu kisa chake kinaonyesha chanzo cha matatizo mengine yote. Malipo yakitolewa kama ruhusa, anayetoa ruhusa anaweza kuifuta, na aliyepewa hana mahakama ya kukimbilia ila huruma. Hisani haina stakabadhi.

Mtu anaweza kudhani kwamba hali hiyo ilitokana na umaskini wa serikali ya wakati ule. La hasha. Mwaka 1919, serikali ile ile ilianzisha mpango wa kuwapa maveterani Wazungu wa Vita vya Kwanza vya Dunia mashamba katika nyanda za juu. Bahati nasibu ya mashamba hayo ilichezwa katika ukumbi wa Theatre Royal mjini Nairobi, na sehemu ya ardhi iliyogawiwa ilichukuliwa kutoka kwa Wanandi. Mwenyeji wa nchi aliyepigana vita vile vile hakuwa na tikiti katika bahati nasibu ile. Wapagazi waliobeba vita hivyo mabegani ndio walioumia zaidi. Makumi ya maelfu yao walikufa kwa homa, kuhara na njaa, na mishahara ya wengi waliokufa bila warithi kujulikana haikulipwa. London ilikataa fedha hizo zitumike hata kwa manufaa ya jamii zao. Mtaa wa Kariokor umebeba jina la kikosi chao mpaka leo.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 waliwekewa sanamu ya shaba kwenye barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue: askari na mpagazi wamesimama juu ya jiwe, na maandishi chini yao, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanaahidi kwamba anayekufa kwa ajili ya nchi yake atakumbukwa na watoto wake. Ahadi hiyo inawahusu watoto. Juu ya mwajiri jiwe halisemi neno. Ripoti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ya Aprili 2021 ilikiri kwamba wafu wasiopungua 116,000 wa Vita vya Kwanza, wengi wao wakiwa Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ukikataa kuandika jina la mtu, umekwisha kumnyima mrithi wake ushahidi.

Vita vya Pili vilirudia somo hilo kwa hesabu iliyo wazi zaidi. Askari wa Keya walipigana Uhabeshi mwaka 1941, Madagascar mwaka 1942, kisha Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka Bonde la Kabaw katikati ya mvua za monsuni za 1944. Waliporudi walipewa kiinua mgongo. Mwaka 2019 waandishi wa habari walifichua waraka wa kikoloni ulioonyesha kwamba kiwango chake kilipangwa kwa cheo, kwa muda wa utumishi, na kwa rangi: Mzungu wa cheo cha chini alikadiriwa shilingi 10 kwa kila mwezi wa utumishi, Mwafrika shilingi 3 na nusu. Katika taarifa hizo hizo, mkongwe mmoja wa Kenya aliyefikisha miaka 100 alilalamika kwamba walitelekezwa. Uingereza haikulipa tofauti ile. Mwaka mmoja kabla ilikuwa imetangaza pauni milioni 12 za msaada kwa maveterani wa Jumuiya ya Madola wanaoishi katika ufukara. Sibezi fedha hizo, kwa kuwa zimewanunulia wazee chakula. Lakini ziliitwa msaada, na neno hilo halimpi mzee nafasi ya kuuliza kiasi chake kilikokotolewaje.

Leo Idara ya Pensheni iko Bima House, Harambee Avenue, na makao makuu ya jeshi yako Ulinzi House, Hurlingham. Mzee anayetoka Kawangware au Kangemi hubeba karatasi zake katika mfuko wa nailoni uliokunjwa mara mbili ili mvua isizifikie: kitambulisho, cheti kilichofifia wino, picha ya ujana wake akiwa na sare. Jina kwenye cheti halifanani na la kwenye kitambulisho, maana karani wa jeshi wa miaka ile aliliandika alivyolisikia. Mwaka wa kuzaliwa ulikisiwa. Mjane wake, akija baada ya kifo chake, huulizwa cheti cha ndoa iliyofungwa kimila mbele ya wazee ambao nao wamekufa. Kila kasoro kati ya hizo ilitokana na kalamu ya ofisa wa serikali, au na serikali kutokuwepo. Gharama yake humwangukia yule asiyekuwa na kalamu. Akikosa kabisa, anabaki na shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, ambazo hulipwa wazee wa miaka 70 na zaidi wasio na pensheni, kana kwamba hakuwahi kuvaa sare.

Kuna hoja ya ulaghai, nayo ina uzito. Serikali ikilegeza masharti, watajitokeza maveterani wa kubuni na madalali wao. Ni kweli, lakini ulaghai hauzuiwi kwa kumtegemea mdai mwenyewe alete vyeti. Vyeti ndivyo vinavyoghushiwa kwa urahisi. Kinachomkamata mlaghai ni daftari la mwajiri. Anayehofia ulaghai ana sababu kubwa kuliko mtu mwingine ya kutaka serikali ifungue daftari hilo.

Hoja ya pili husema kwamba deni la Keya ni la Uingereza, si la Kenya. Deni la kiinua mgongo cha Burma ni la Uingereza, nakubali bila kusita. Lakini vikosi vya Keya vilivyokuwa Kenya ndivyo vilivyogeuka Kenya Rifles wakati wa uhuru, pamoja na kambi, silaha na askari wake. Nchi iliyorithi jeshi haiwezi kurithi bunduki ikaacha kumbukumbu za watu waliozibeba. Angalau ina wajibu wa kumsaidia raia wake kudai huko London.

Na kuhusu London tuna mfano mmoja mkubwa. Wazee wa Mau Mau waliposhtaki Uingereza kwa mateso ya kizuizini, serikali hiyo ililazimika kukiri mwaka 2011 kwamba masanduku takriban 300 ya mafaili yaliyohamishwa kutoka Kenya yalikuwa yamehifadhiwa Hanslope Park, huko Uingereza, mbali na macho ya watafiti. Kwa miaka yote ambayo wazee walisimulia na kuambiwa hawana ushahidi, ushahidi ulikuwa rafuni kwa mshtakiwa. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, gharama za kesi zikiwemo. Baadhi ya wapiganaji wa msituni walikuwa kwanza askari wa Keya. Waruhiu Itote, Jenerali China, alikuwa koplo Burma. Dawa ya deni ni kulipa, lakini katika kesi ile malipo hayakuja mpaka mdaiwa alipobanwa afungue kabati.

Sheria za kutegemea zipo. Ibara ya 57 ya Katiba ya 2010 inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya familia na dola. Ya 35 inampa raia haki ya taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Ya 47 inadai uamuzi wa kiutawala uwe wa haraka na wa haki. Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya 2022 imeweka msingi wa kusimamia maslahi yao na ya wategemezi wao. Kinachokosekana ni kanuni inayotamka mzigo wa ushahidi uko kwa nani.

Naomba Bunge na Wizara ya Ulinzi viiandike kanuni hiyo. Mzee akitaja jina, kikosi na miaka aliyotumikia, ofisa afungue faili siku hiyo hiyo na kutafuta kwa muda uliowekwa: katika kumbukumbu za jeshi, katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pale Moi Avenue, na kwa njia ya balozi katika hifadhi ya Uingereza huko Kew. Tofauti ya herufi za jina isiwe sababu ya kukataa. Ushahidi wa kiapo wa askari wenzake upokelewe. Na serikali ikishindwa kuonyesha daftari, hasara ya kupotea kwake iwe juu yake.

Kijana wa miaka ishirini aliyekuwa Bonde la Kabaw mwaka 1944 leo angekuwa amepita miaka 100, na kwa karibu wote wa rika lake muda umekwisha. Walioandikishwa katika Vita vya Shifta vya kaskazini mwa Kenya, 1963 hadi 1967, wana miaka themanini hivi, na wengi bado wanaweza kupanda matatu hadi mjini. Hao walipwe wangali hai.