Ngazi ya Kale na Jina Lake: Mfano wa Tabora

Chombo cha kale kisichojulikana kazi yake hakiwezi kupewa istilahi iliyo sahihi. Katika makala hii fupi twakusudia kulieleza jambo hili kwa mfano wa ngazi ya mti, tukiitazama Tabora, kituo kikuu cha misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji katika karne ya 19.

Burton na Speke walipofika Kaze, Novemba 1857, walikuta nyumba za tembe, zenye paa bapa la miti na udongo. Tembe ya Kwihara, walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, ni ya namna hiyo, nayo leo ni makumbusho. Juu ya paa la tembe watu walianika mazao. Hivyo walihitaji kitu cha kupandia. Lakini ngazi ilihitajiwa pia penye ghala lililoinuliwa, penye dari ya ndani, na penye dungu, yaani jukwaa la mlinzi wa shamba.

Basi, mtu akiletewa ngazi kuukuu ataijuaje kazi yake? Kwanza aipime, kwa kuwa urefu wake hauna budi kulingana na mahali ilipoegemezwa. Pili atazame rangi: masizi ya moshi yaonyesha kwamba ilikaa ndani, mti uliopauka na kupasuka kwa jua waonyesha kwamba ilikaa nje. Tatu atazame palipolika kwa nyayo na kwa kuegemezwa. Dalili moja haitoshi. Wazee wa mahali nao waulizwe kabla ya kufungua kamusi.

Umbo pia lina maneno yake. Ngazi ya miti miwili ina vipago, yaani vijiti vya kukanyagia. Gogo moja lililochongwa lina vidato, neno litumiwalo kwa mikato ya kukwelea mnazi. Leo wengi wetu twajua kidato cha shule na ngazi ya mshahara tu. Maana ya asili yaelekea kusahauliwa.

Kwa hiyo twapendekeza orodha za makumbusho ziandike “ngazi ya paa”, “ngazi ya ghala” au “ngazi ya dungu” pale tu dalili zinapokubaliana. Zisipokubaliana, “ngazi” peke yake yatosha. Jina la kubahatisha likishapigwa chapa, msomaji wa kesho atalichukua kuwa ni historia.