Waayaha Cusub: Kundi la Eastleigh lililoimba likiwindwa

WAAYAHA CUSUB ni kundi la muziki wa kufoka lililoasisiwa mwaka 2004 katika mtaa wa Eastleigh, jijini Nairobi, chini ya uongozi wa mkimbizi kutoka Somalia, Shiine Akhyaar Ali. Wengi wa wanachama wake walikuwa vijana wa Kisomali waliokimbia vita, wakaungana na wenzao wa mataifa jirani. Jina lao lina maana ya Enzi Mpya. Herufi c katika tahajia ya Kisomali, iliyorasimishwa mwaka 1972, hutamkwa kama ain ya Kiarabu, kwa hiyo watangazaji wanaosema "Chusub" wanakosea.

Kundi hilo lilizaliwa Nairobi, lakini lugha yake ndiyo lugha ya nyumbani Garissa, Wajir na Mandera. Mabasi ya Garissa huanzia safari Eastleigh, mwendo wa kilomita zipatazo 370, na muziki unaorekodiwa mtaani humo haukai humo.

Kabla ya hapo muziki wa Kisomali ulikuwa na mlezi mkubwa, serikali ya Mogadishu, iliyogharimia kundi la kitaifa la Waaberi, ambako waimbaji kama Maryam Mursal walipata sifa. Utawala wa Siad Barre ulipoporomoka Januari 1991, wasanii walitawanyika pamoja na raia wengine. Mwaka huo huo kambi za Dadaab zikaanza kupokea wakimbizi karibu na mji wa Garissa. Kizazi kilichokulia ugenini kilirithi kanda za wazee bila kurithi jukwaa lao. Shiine na wenzake walichukua mahadhi ya Kisomali, wakayachanganya na ufokaji wa vijana wa Nairobi, wakaimba juu ya Ukimwi, uhasama wa koo na vurugu za watu wenye silaha.

Walilipia jambo hilo. Mwaka 2007 watu wenye bunduki walimvamia Shiine na kumpiga risasi tano, akanusurika. Katika miaka ya 1970, bendi ya Black Sabbath ya Birmingham, ambayo wengi huihesabu kuwa chimbuko la muziki mzito wa roki, ilishutumiwa na wahubiri wa Uingereza na Marekani kwamba inamtumikia shetani. Shutuma hizo ziliishia kuwaongezea wanunuzi. Eastleigh, shutuma zilibisha hodi zikiwa na bastola.

Aprili 2010 wanamgambo wa Hizbul Islam waliamuru vituo vya redio vya Mogadishu viache kupiga muziki. Karibu vyote vilitii, na baadhi vikaanza kutambulisha vipindi kwa milio ya risasi, magari na vyura. Mwaka huo huo Waayaha Cusub walitoa wimbo uitwao Yaabka al-Shabaab, yaani Maajabu ya Al-Shabaab, wakilitaja kundi hilo kwa jina na kuwaonya vijana wasidanganywe kujiunga nalo, na wakagawa nakala bure Eastleigh. Ikumbukwe kwamba Kismayu, mji ulio jirani kabisa na Garissa kuliko Mogadishu, ulikuwa mikononi mwa Al-Shabaab wakati huo na ukabaki hivyo hadi 2012.

Masika ya mwaka 2013 kundi hilo lilipanda jukwaani Mogadishu kwenyewe, katika tamasha la upatanisho lililowakutanisha wasanii wa Kisomali na wa kigeni. Haukuwa mzaha. Mchekeshaji Abdi Jeylani Malaq Marshale, aliyewakejeli wanamgambo hao, alikuwa ameuawa mjini humo Julai 2012. Mwimbaji na mbunge Saado Ali Warsame, aliyepata kuwa wa Waaberi, aliuawa Julai 2014. Nako Nairobi, Aprili 2014, polisi waliufagia mtaa wa Eastleigh na kuwazuilia maelfu katika uwanja wa Kasarani, kana kwamba hakuna aliyewahi kuimba humo dhidi ya wauaji.

Athari ya kundi hili Kaskazini Mashariki isipimwe kwa mauzo. Eneo hilo lina masheikh wengi wanaoona ala za muziki kuwa haramu, na ni dhuluma kuwaweka kapu moja na Al-Shabaab: shehe anayekataza gitaa msikitini si sawa na anayemvizia mpiga gitaa usiku. Wanawake nao hawakuacha kuimba buraanbur, utenzi wao wa harusini. Waayaha Cusub walichoongeza ni kumtaja adui kwa lugha ya mama, jambo ambalo hotuba za viongozi kwa Kiswahili na Kiingereza hazikuweza, hata baada ya mauaji ya watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2, 2015.

Mji wa Garissa wenyewe umetoa kundi lake, Gargar, la wanawake wa Kisomali. Jina hilo maana yake ni Msaada, na albamu yao iliyotayarishwa na Ketebul Music ya Nairobi inaitwa Garissa Express.