Nyumba Iliyomlea Gerald Ford

Mwaka 1847, mchungaji Albertus van Raalte aliwaongoza wafuasi wake kutoka Uholanzi hadi pwani ya Ziwa Michigan, Marekani, wakafyeka msitu na kuanzisha mji walioupa jina la nchi yao, Holland. Wengine waliowafuata walihamia Grand Rapids, mwendo mfupi kuelekea mashariki, ambako viwanda vya samani vilihitaji mikono. Walikuwa Waprotestanti wa mafundisho ya Calvin. Kwao Jumapili ilikuwa siku ya kanisa tu, deni lilikuwa aibu, na ndoa ilikuwa agano la maisha. Karne moja baadaye, wajukuu wao ndio walioipa nguvu kura ya chama cha Republican katika eneo la tano la uchaguzi la Michigan. Aliyeshinda mchujo wa chama hicho alikuwa ameshaukaribia ubunge, na aliyetaka kushinda ilimbidi ajue kwamba watu watamtazama yeye pamoja na nyumba aliyotoka.

Mwaka 1948 alijitokeza mwanasheria kijana mwenye umri wa miaka 34, Gerald Ford, rais wa baadaye wa Marekani. Sifa zake zilionekana kana kwamba zimepimwa na fundi cherehani wa Grand Rapids. Alikuwa skauti aliyepanda hadi daraja la juu kabisa. Aliwahi kuwa nyota wa futiboli ya Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Michigan, akasoma sheria Yale, kisha akahudumu baharini katika meli ya kivita USS Monterey, ambako kimbunga cha Desemba 1944 nusura kimtupe majini. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa rangi aliyeheshimika mjini.

Ila huyo hakuwa baba aliyemzaa.

Ford alizaliwa Omaha, Nebraska, tarehe 14 Julai 1913, akaitwa Leslie Lynch King Mdogo, kwa jina la baba yake. Mzee King alitoka katika ukoo wenye mali, lakini alimpiga mkewe, Dorothy Gardner, na baada ya mkewe kujifungua alimtishia kwa kisu. Dorothy hakungoja. Mtoto akiwa na siku 16 tu, alimbeba akaondoka. Wakati ule mwanamke aliyeiacha nyumba ya mumewe alinyooshewa kidole yeye, si mume, na ujasiri wa mama huyu mchanga unastahili kutajwa kabla ya ushindi wowote wa mwanawe. Alihamia Grand Rapids walikokuwa wazazi wake, na huko akaolewa na muuza rangi aliyeitwa Gerald Rudolff Ford. Mtoto akalelewa kwa jina hilo, ingawa alilichukua kisheria mwaka 1935, akiwa mtu mzima.

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Baba huyu wa kambo hakumaliza hata shule ya sekondari, lakini aliwawekea wanawe wanne kanuni tatu za nyumba: sema kweli, fanya kazi kwa bidii, na uje mezani kwa wakati. Mwaka 1929 alianzisha kampuni yake ya rangi, wiki chache kabla ya uchumi wa Marekani kuporomoka, akaishikilia katika miaka yote ile ya dhiki. King naye alimtembelea kijana mwaka 1930, akamkuta akihudumu katika mkahawa mdogo karibu na shule, akamwachia dola 25 na kwenda zake. Usiku ule Ford alilia.

Mpinzani wa Ford katika mchujo wa 1948, Bartel Jonkman, alikuwa mbunge tangu 1940 na mwenye jina la Kiholanzi. Aliupinga Mpango wa Marshall wa kuijenga upya Ulaya, wakati Ford, aliyerudi kutoka vitani akiwa na fikra mpya, aliuunga mkono. Hoja ilikuwa nzito, lakini Ford hakuipeleka kwa hotuba peke yake. Aliweka kibanda cha mabati cha kijeshi katikati ya mji kama ofisi ya kampeni, na alfajiri alikuwa mabandani akizungumza na wakulima waliokuwa wakikamua ng'ombe. Tarehe 14 Septemba alipata kura 23,632 dhidi ya 14,341 za Jonkman.

Mchumba wake, Betty Bloomer, alikuwa amemsubiri. Alikuwa amewahi kucheza dansi New York chini ya Martha Graham, na ndoa yake ya kwanza ilivunjika mwaka 1947. Ford alimposa mapema 1948, ila akamwambia arusi itangoja hadi msimu wa kampeni za siasa upoe, bila kumweleza sababu yote. Katika mji ule, mchezaji dansi aliyeachika angeweza kumpotezea mgombea kura nyingi. Walifunga ndoa tarehe 15 Oktoba, mchujo ukiwa umepita, na Ford aliingia kanisani na viatu vyenye vumbi la kampeni. Kesho yake walitazama mechi ya futiboli Ann Arbor, kisha wakaenda Owosso kumsikiliza mgombea urais Thomas Dewey.

Hapo ndipo penye uzito wa historia hii. Wapiga kura walimpenda Ford kwa ukweli, bidii na adabu, na hawakukosea. Lakini maadili hayo yalitoka katika nyumba iliyojengwa na mwanamke aliyeachika, hali ile ile iliyofanya Betty afichwe kidogo hadi kura za mchujo zihesabiwe.

Novemba Ford alishinda kwa zaidi ya asilimia 60, akakaa bungeni miaka 25. Gharama ililipwa nyumbani. Akiwa kiongozi wa wabunge wa Republican kuanzia 1965, alisafiri mno, na Betty akabaki Virginia na watoto wanne. Maumivu ya mshipa wa fahamu wa shingoni yalimwingiza katika uraibu wa dawa, kisha pombe. Mwaka 1978 familia ilimkalisha chini ikamwambia ukweli, akakubali matibabu. Baadaye alisimulia hadharani, na mwaka 1982 akashiriki kuanzisha kituo cha tiba huko Rancho Mirage, California, kinachobeba jina lake.