Kinywaji Chekundu cha Afrika Magharibi: Ushahidi wa Majina na Viungo

Kuanzia Dakar hadi Kano, ni jambo la kawaida kukuta nyumbani sufuria ya maji mekundu yaliyochemshwa pamoja na maua makavu, yakatiwa tangawizi, karafuu na sukari, kisha yakaachwa yapoe. Wawolofu wa Senegal hukiita kinywaji hicho bisap. Katika Gambia hujulikana kama wonjo. Wabambara wa Mali husema dabileni. Nchini Ghana ni sobolo, na miongoni mwa Wahausa ni zobo. Mgeni hukaribishwa kwacho, na wafungao mwezi wa Ramadhani hukinywa wakati wa kufuturu. Kwa sababu ya mazoea hayo, aghalabu husemwa kwamba hiki ni kinywaji cha asili, na neno hilo likishatamkwa uchunguzi hukoma papo hapo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ndani ya kikombe kimoja mmekusanyika vitu vyenye umri na nyumbani tofauti, na kwamba majina ya vitu hivyo ndiyo ushahidi ulio bora wa njia vilizopitia.

Mmea na Matumizi Yake

Mmea wenyewe ulipewa na Linnaeus, mwaka 1753, jina la kitaalamu la Hibiscus sabdariffa. Uko katika jamii moja na bamia na pamba. Nchini Tanzania hujulikana kama choya au rozela. Ingawa watu husema kwamba kinywaji hutokana na maua, kwa hakika petali za ua hunyauka na kuanguka upesi. Sehemu itumiwayo ni kikombe cha ua, yaani vile vijani vinene vyekundu vinavyolikumbatia tunda changa. Vikombe hivyo huchumwa, mbegu zikatolewa, kisha vikaanikwa juani hadi vikakauka.

Inafaa kukumbuka kwamba kinywaji ni tumizi moja tu miongoni mwa mengi. Majani ya mmea huu, ambayo Wahausa huyaita yakuwa, hupikwa kama mboga yenye ukali. Senegal majani hayo hupondwa yakaliwa pamoja na wali wa samaki. Wayoruba hupika mchuzi wa isapa kwa vikombe vya aina nyeupe ya mmea. Mbegu nazo huchachushwa zikawa kiungo cha mchuzi, ambacho katika Burkina Faso huitwa bikalga na katika Sudan furundu. Kitu ambacho watu hukila majani, vikombe na mbegu, na wakakitungia jina kwa kila sehemu, si kitu walichokipokea jana.

Jambo hilo latilia nguvu maoni ya wataalamu wa mimea wanaosema kwamba asili ya mmea huu ni bara la Afrika. Majina yenyewe yaelekea upande huohuo. Bisap, wonjo, da na yakuwa ni maneno yasiyofanana hata kidogo, na kila moja limekaa katika lugha yake pasipo dalili ya kukopwa kutoka kwa jirani. Jina la Kibambara hata huchambulika: da ni mmea, bilen ni -ekundu, na ni ni kiambishi cha kudogosha. Laiti mmea ungaliletwa na wafanyabiashara kutoka mbali, yamkini jina lake lingalisafiri pamoja nao, kama lilivyosafiri jina la karafuu.

Viungo na Sukari

Kwa kweli karafuu ni mfano mzuri sana wa jambo hilo. Wahausa huiita kanumfari, nao Waswahili huiita karafuu. Maneno haya mawili, ingawa yamesimama katika pande mbili za bara, ni ndugu wa baba mmoja, kwani yote yametokana na neno la Kiarabu qaranful. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, mbali sana, ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Katika karne ya 19 ndipo Unguja na Pemba zilipopandwa mikarafuu kwa wingi hata zikawa soko kubwa la zao hilo duniani, na tufani ya mwaka 1872 iliyoiharibu mikarafuu ya Unguja haikuondoa sifa hiyo. Jina la Kihausa, hata hivyo, lashuhudia kwamba kiungo hiki kiliingia nchi za Wahausa kupitia kwa watu waliotumia Kiarabu, yaani kwa njia ya biashara ya kaskazini.

Mambo ni mengine kabisa yakiangaliwa mapilipili ya nchi yenyewe. Lipo tunda jembamba jeusi la mti uitwao Xylopia aethiopica, lenye harufu ya moshi na ukali wa pilipili. Wahausa huliita kimba, Wayoruba eeru, na Wawolofu, ambao hulitia hata katika kahawa, huliita jar. Ziko pia mbegu za Aframomum melegueta, mmea wa jamii ya tangawizi na iliki. Mbegu hizo zilitafutwa sana na Wareno tangu karne ya 15, hata sehemu ya pwani ambayo sasa ni Liberia ikaitwa na Wazungu Pwani ya Pilipili. Kwa hiyo mpishi anayetia kimba na karafuu katika sufuria moja huwa amekutanisha msitu wa nyumbani na bahari ya mbali.

Sukari nayo ni mgeni wa karibuni zaidi. Kihausa husema sukari, neno lilelile la Kiswahili, na chanzo chake ni kilekile cha Kiarabu. Ibn Battuta, aliyesafiri katika dola ya Mali miaka ya 1352 na 1353, alieleza kinywaji cha nafaka iliyopondwa kilichotiwa asali. Utamu wa nyakati hizo, basi, ulitokana na nyuki. Sukari kwa muda mrefu ilikuwa bidhaa ya gharama, na ilienea katika nyumba za watu wa kawaida kwa biashara ya zama za ukoloni. Maji ya choya pasipo sukari ni makali kupita kiasi. Hivyo basi, kinywaji kitamu kinachoitwa leo cha asili kina mzizi wa kale, lakini utamu wake wa sasa ni wa juzi.

Upikaji

Namna ya kukipika pia hustahili kusomwa kama hati ya historia, kwa kuwa kila hatua imebeba ujuzi uliopatikana kwa kujaribu. Kwa kawaida vikombe viwili vya maua makavu hutosha lita mbili za maji. Maua huoshwa upesi ili kuondoa mchanga, wala hayalowekwi katika maji ya kuoshea, maana rangi yake huyeyuka mara moja. Tangawizi hupondwa kinuni pamoja na karafuu chache na kimba; wako wanaoongeza maganda ya nanasi. Vyote huchemshwa kwa muda wa dakika kumi hadi kumi na tano, vikafunikwa vipoe, kisha vikachujwa kwa kitambaa. Sukari hutiwa baadaye, kidogo kidogo, huku mpishi akionja. Senegal mara nyingi huongezwa nanaa.

Wapishi hujihadhari na sufuria tupu ya alumini, kwa sababu ukali wa maua hula madini. Huchagua chungu au chombo kilichopakwa enameli. Wanajua pia kwamba chombo chenye mabaki ya magadi hugeuza wekundu ukaelekea rangi ya samawati. Wanakemia wana maelezo yao juu ya rangi hiyo na asidi, lakini ujuzi wenyewe ulikuwa jikoni kabla ya maabara. Vilevile inajulikana kwamba kinywaji hiki kikikaa nje siku nzima katika joto huanza kuchacha, ndiyo sababu hupikwa kidogo na kunywewa mapema.

Safari ya Ng'ambo

Mmea huu ulivuka Bahari ya Atlantiki katika zama za biashara ya watumwa. Mwanzoni mwa karne ya 18 tayari ulikuwa ukilimwa Jamaica. Huko huchanua siku zinapokuwa fupi, na mavuno yake huangukia karibu na Krismasi. Ndipo kinywaji cha choya, tangawizi na karafuu, mara nyingi kikiongezwa ramu, kikawa kinywaji cha sikukuu hiyo. Lakini Waingereza waliuita mmea huo sorrel, jina la mboga chachu ya kwao, na watu wa Mexico wakakiita kinywaji chake maji ya Jamaica. Katika majina hayo Afrika haisikiki.

Mahali pamoja, hata hivyo, sauti haikuzimwa. Katika Maranhão, kaskazini mwa Brazili, hupikwa chakula cha wali na majani ya mmea huu kiitwacho cuxá. Neno hilo huhusishwa na neno la Kimandinka kucha, lenye maana ya majani hayohayo. Uhusiano huo una msingi katika historia, kwani kampuni ya Kireno iliyoundwa mwaka 1755 ilipeleka Maranhão watu wengi waliotekwa na kuuzwa katika bandari za Bissau na Cacheu, ili walime mpunga na pamba. Watu hao walinyang'anywa majina yao wenyewe, lakini jina la mboga yao likabaki mdomoni mwa wajukuu.

Hitimisho

Nchini Senegal, wakati karanga za kuuzwa Ulaya zilipotwaa mashamba katika karne za 19 na 20, bisap ilibaki pembezoni mwa konde, mikononi mwa wanawake. Zao lisilotozwa kodi wala kupakiwa melini haliandikiwi sana vitabu. Leo hali imegeuka: maua makavu ya Sudan, Senegal na Nigeria huuzwa ng'ambo, na Nigeria huiuzia hata Mexico, ambako huitwa kwa jina la kisiwa cha Karibi. Kadiri soko linavyokua, ndivyo jina la mnunuzi linavyoelekea kulifunika jina la mkulima. Kwa hiyo kukusanya majina ya mmea huu, ya sehemu zake na ya viungo vyake, kutoka vinywani mwa wapishi wenyewe, ni kazi ya mwanahistoria sawasawa na kufungua nyaraka za serikali. Mahali ambapo kalamu ilinyamaza, chungu hakikunyamaza.