Kabla padre hajafika: historia ya waamini wanaohudumia ibada

Novemba 1882 mapadre wa Shirika la Wamisionari wa Afrika walifunga mizigo wakaondoka Buganda, maana usalama wao katika himaya ya Kabaka Mutesa ulikuwa mashakani. Walivuka ziwa hadi Bukumbi, upande wa Usukuma. Nyuma yao walibaki waamini wachache waliokwisha kubatizwa, pamoja na wengine waliokuwa bado katika mafundisho. Misa haikuwepo tena, wala maungamo.

Julai 1885, Mwanga akiwa amekwisha kurithi kiti cha baba yake Mutesa, mapadre wale walirudi na kukuta jumuiya imeongezeka. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa akiwakusanya vijana wa ikulu kwa sala na mafundisho. Kule Mityana kazi hiyohiyo ilishikwa na kina Matia Mulumba. Balikuddembe aliuawa tarehe 15 Novemba mwaka uleule, na Karoli Lwanga akachukua nafasi yake. Ni Lwanga aliyewabatiza wenzake waliokuwa bado wakatekumeni, siku chache kabla ya waamini kuuawa huko Namugongo tarehe 3 Juni 1886.

Nimeanzia hapo kwa makusudi. Parokiani tumezoea kuwazungumzia msomaji, mwanakwaya na mtumishi wa altare kana kwamba ni wasaidizi waliowekwa juzi ili kumpunguzia padre kazi. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki mlei ndiye aliyetangulia kuongoza sala, padre akaja baadaye.

Wamisionari walikuwa wachache, na vigango vilikuwa vingi na mbali. Padre alipita kwa nadra, akaungamisha, akaadhimisha Misa, akaendelea na safari. Jumapili zilizobaki zilikuwa za katekista. Yeye ndiye aliyeita watu, akaongoza sala na rozari, akafundisha nyimbo na katekisimu ya kukariri, akambatiza aliyekuwa mahututi na kumzika aliyefariki. Posho yake, pale ilipokuwepo, ilikuwa ndogo. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa wamisionari wa Kijerumani Tanganyika, makatekista ndio waliobaki na waamini.

Miaka hiyohiyo ya vita, kaskazini mwa Uganda, vijana wawili walifanya jambo ambalo kila anayejitolea kanisani anapaswa kulifahamu. Katekista wa kijiji cha Paimol alikuwa amefariki. Daudi Okelo alikwenda misioni ya Kitgum kuomba aende yeye badala ya marehemu, na Jildo Irwa, aliyekuwa mdogo kwake, akaomba kufuatana naye. Padre aliwaonya kwamba eneo lile lilikuwa na vurugu na kwamba wangeweza kuuawa. Wakashikilia ombi lao. Huko Paimol, alfajiri Daudi alipiga ngoma kuwaita wakatekumeni kwenye sala ya asubuhi, kisha akawafundisha maswali na majibu ya katekisimu kwa kuyaimba ili yakae kichwani. Oktoba 1918 wote wawili waliuawa. Papa Yohane Paulo II aliwatangaza wenyeheri tarehe 20 Oktoba 2002. Hawakuwa mapadre wala watawa, na hakuna aliyewashurutisha kwenda.

Lakini padre alipofika na Misa kuanza, nafasi ya mlei ilikuwa finyu. Wavulana walikariri majibu ya Kilatini na kutumikia altareni. Wanawake hawakuruhusiwa kutumikia, na barua ya Papa Pio X ya mwaka 1903 kuhusu muziki mtakatifu iliwaondoa hata kwenye kwaya. Ukiiangalia kwaya yoyote ya parokia zetu leo, safu za sauti ya kwanza na ya pili zimejaa kina mama, utaona mabadiliko yaliyotokea.

Mlango ulifunguliwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Hati yake juu ya Liturujia, iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, inasema wazi katika kifungu cha 29 kwamba watumishi wa altare, wasomaji, waongozaji na wanakwaya wanatimiza huduma halisi ya kiliturujia. Mwaka huohuo padre wa Kitanganyika, Stephen Mbunga, alichapisha kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Kiswahili kikaingia katika Misa, na ngoma na kayamba zikapata nafasi kanisani.

Mwaka 1972 Papa Paulo VI aliziweka huduma za msomaji na mtumishi wa altare wazi kwa walei wanaume, na 1973 ikaruhusiwa walei kugawa Komunyo pale penye uhitaji. Wasichana waliruhusiwa kutumikia altareni mwaka 1994, kwa idhini ya askofu wa jimbo. Januari 2021 Papa Fransisko alizifungua huduma hizo mbili rasmi kwa wanawake, na Mei akaanzisha rasmi huduma ya katekista.

Kwetu, hata hivyo, uamuzi ulioigusa Jumapili ya mwamini wa kawaida kuliko yote ulifanyika Nairobi mwaka 1973, maaskofu wa AMECEA, yaani shirikisho la mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walipoamua kwamba Kanisa lijengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Kutoka humo tukapata zamu. Wiki hii jumuiya hii inafagia kanisa, inapanga maua, inatoa wasomaji na kupeleka vipaji. Wiki ijayo jumuiya nyingine. Anayeishi nyumba ya kupanga na mwenye ghorofa wanashika fagio moja. Nauona utaratibu huu kuwa miongoni mwa vitu bora kabisa ambavyo Kanisa la ukanda huu limejijengea.

Tunachokosa ni kuwatunza watu hawa. Bado kuna parokia zinazomkabidhi msomaji somo akiwa mlangoni, naye anajikwaa kwenye majina ya Waraka kwa Warumi mbele ya waamini wote. Bado kuna makatekista wanaozeeka kazini bila akiba yoyote. Halmashauri za parokia zinazopanga bajeti mwaka huu ziweke mambo mawili kabla ya rangi ya ukuta na spika mpya: semina ya wasomaji, na bima ya afya ya katekista.