Jina la Mwarobaini

Mwarobaini, uonekanao katika nyua nyingi za Kinondoni na Temeke, asili yake si huku. Ulitoka pande za Bara Hindi. Jina lake ni hesabu: watu walinena kwamba huponya maradhi arobaini. Lakini hesabu hiyo haikutaja kipimo. Mwaka 1942 Salimuzzaman Siddiqui, mjuzi wa kemia, alitenga nimbini katika mafuta ya mti huo. Mwaka 1968 ikatengwa azadiraktini, ambayo huzidi mbeguni kuliko majanini. Vipimo vilivyofuata vilionyesha kuwa nguvu hizo hutofautiana mti kwa mti, mahali kwa mahali, hata majira kwa majira. Basi konzi moja ya majani hailingani na nyingine, wala uchungu wa ulimini si mizani. Mwalimu aulizwapo na mzazi wa mtoto mwenye homa, na alikumbuke hilo.